Kujadiliana Mabadilishano ya Mchezaji kati ya Klabu za Futiboli ya Australia: Mwongozo Kamili

Shabiki wa Afrika Mashariki aliyezoea kusikia kwamba mchezaji fulani amenunuliwa kwa mamilioni kadhaa hupata tabu kidogo anapoanza kufuatilia AFL, ligi kuu ya futiboli ya Australia, kwa sababu katika soko hilo hakuna ada ya uhamisho. Geelong haiwezi kuilipa Adelaide fedha ili imwachie mchezaji wake. Kinachopita kati ya klabu na klabu ni mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa haki ya kuchagua chipukizi katika drafti ya mwisho wa mwaka, ambako klabu huchagua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi, na namba ndogo huchagua kwanza, au mchanganyiko wa vyote viwili. Soko lenyewe hufunguliwa mwezi Oktoba, baada ya fainali kuu ambayo kwa desturi huchezwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba katika uwanja wa Melbourne Cricket Ground, na hudumu kwa muda wa siku kumi hivi.

Mwongozo huu umeandikwa kana kwamba wewe ndiwe unayekaa mezani kwa niaba ya klabu, ukiwa msimamizi wa orodha ya wachezaji, na unafuata mpangilio wa kazi hiyo tangu maandalizi hadi nyaraka. Utaona swali moja likirudi katika kila hatua, kwa kuwa ndilo linalopanga bei kuliko hata ubora wa mchezaji: mazungumzo yakivunjika, nani ataumia zaidi?

Hatua ya kwanza: Chunguza hali ya mkataba kabla ya kutaja bei yoyote

Wachezaji wawili wenye kipaji kilekile, umri uleule na nafasi ileile uwanjani wanaweza kuwa na bei zinazotofautiana mno kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa katika mikataba yao. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumweka mchezaji unayemtaka katika kundi lake.

Kundi la kwanza ni la wenye mkataba unaoendelea. Klabu yake hailazimiki kumwachia, na ikikataa, mchezaji hurudi mazoezini. Mwaka 2018 Tim Kelly, aliyekuwa amemaliza msimu wake wa kwanza Geelong akiwa na mkataba wa mwaka mwingine, aliomba kurudi kwao Australia Magharibi. Geelong haikuridhika na ilichopewa na West Coast, ikamzuia. Mwaka uliofuata Kelly aliingia katika kikosi bora cha ligi, na West Coast ikalazimika kutoa machaguo namba 14, 24 na 33 pamoja na chaguo lake la raundi ya kwanza la mwaka 2020, ikirudishiwa machaguo madogo tu. Kuzuia hakulipi kila mara. Essendon ilimkatalia Joe Daniher ruhusa ya kwenda Sydney mwaka 2019; mwaka 2020 aliuguza majeraha, akacheza mechi 4 tu, kisha akaenda Brisbane akiwa mchezaji huru, na Essendon ikabaki na chaguo namba 7 ililopewa na ligi kama fidia.

Kundi la pili ni la wachezaji ambao mikataba yao imekwisha lakini hawajatimiza miaka ya kuwa huru. Hapa klabu ya zamani bado ina nguvu fulani, ila kuna mlango wa nyuma: mchezaji anaweza kukataa kusaini, akaingia katika drafti na kutaja mapema mshahara na muda wa mkataba anaoutaka, masharti ambayo klabu yoyote itakayomchagua italazimika kuyatimiza. Luke Ball alihama hivyo kutoka St Kilda kwenda Collingwood mwaka 2009, akichaguliwa namba 30, baada ya klabu hizo mbili kushindwa kuelewana. Jack Martin alitoka Gold Coast kwenda Carlton mwaka 2019 kupitia drafti ya kabla ya msimu, na Gold Coast haikupata chochote. Mlango huo hufuata mpangilio wa klabu zilizomaliza chini kwenye msimamo, ambazo huchagua kwanza. Ukiwa klabu dhaifu, tishio la kuutumia ni la kweli. Ukiwa klabu iliyofika hatua za mwisho za mashindano, tishio hilo ni kelele, kwa kuwa klabu nyingine nyingi zinaweza kumchukua mchezaji wako kabla zamu yako haijafika. Kwa maoni yangu hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya West Coast ilipe bei kubwa kwa Kelly hata baada ya mkataba wake kwisha.

Kundi la tatu ni la wachezaji huru, utaratibu ulioanza mwaka 2012. Mchezaji aliyetumikia klabu moja kwa miaka minane huwa huru, lakini akiwa miongoni mwa robo ya wachezaji wanaolipwa zaidi klabuni uhuru wake una masharti: klabu yake ina haki ya kulinganisha ofa aliyopewa, yaani kumpa masharti yaleyale, na ikifanya hivyo mchezaji hawezi kuondoka ila kwa mabadilishano au kwa njia ya drafti. Haki hii hutumiwa mara chache, lakini kivuli chake hupanga bei. Mwaka 2015 Adelaide ilionyesha kwamba ingelinganisha ofa ya Geelong kwa Patrick Dangerfield. Geelong ikakubali kutoa machaguo namba 9 na 28 pamoja na kijana Dean Gore, ikimpokea Dangerfield na chaguo namba 50. Mwaka 2020 GWS (klabu ya Greater Western Sydney) ililinganisha kweli ofa ya Geelong kwa Jeremy Cameron, ikapata machaguo matatu ya raundi ya kwanza, namba 13, 15 na 20, huku Geelong ikimpokea Cameron na machaguo mawili ya raundi ya pili ya mwaka uliofuata.

Kabla ya kutishia kulinganisha ofa, kadiria fidia ambayo ligi ingekupa ukimwachia mchezaji aondoke bure. Fidia ya daraja la juu huwekwa mara tu baada ya chaguo lako la kwanza, na kwa hiyo hutegemea nafasi uliyomaliza kwenye msimamo. Hawthorn, bingwa wa mwaka 2013, ilimpoteza Lance Franklin, mmoja wa wafungaji wakubwa wa zama zake, aliyekwenda Sydney kwa mkataba wa miaka tisa wa dola milioni 10, ikapewa chaguo namba 19. Mwaka mmoja baadaye Melbourne, iliyokuwa karibu na mkia, ilimpoteza beki James Frawley ikapewa chaguo namba 3. Hakuna mtu atakayekuambia kwamba Frawley alikuwa na thamani kuliko Franklin. Klabu iliyo mkiani ina sababu ya kunyamaza na kupokea. Klabu iliyo kileleni ina sababu ya kukaza.

Hatua ya pili: Pata neno la mchezaji

Katika AFL mchezaji hahamishwi bila ridhaa yake, hata awe na mkataba wa miaka mitano. Kanuni hii huwashangaza wanaoijua michezo ya Marekani, ambako mchezaji huweza kuamka asubuhi akiwa mali ya mji mwingine. Matokeo yake ni kwamba mazungumzo ya kwanza ni kati yako na wakala wa mchezaji, miezi kadhaa kabla ya Oktoba, na humalizika kwa mchezaji kutaja klabu anayoitaka. Akishaitaja moja tu, mashindano ya bei yamekwisha kabla hayajaanza, na muuzaji amebaki na mnunuzi mmoja.

Ukiwa mnunuzi, basi, shabaha yako ni kutajwa peke yako. Mpe mchezaji mkataba mrefu na mweleze kocha anakusudia kumtumia wapi. Mkaribishe pia mwenzi wake na uwajulishe mahali watakapoishi, kwa sababu wengi huhama ili kurudi karibu na wazazi. Ukiwa muuzaji, mwombe mchezaji ataje klabu mbili au tatu. Anaweza kukataa, na hutakuwa na la kufanya, lakini ombi halina gharama. Chris Judd, nahodha wa West Coast iliyotwaa ubingwa wa 2006, aliamua mwaka uliofuata kurudi Victoria, akazungumza na klabu kadhaa za Melbourne. West Coast ikapata kutoka Carlton machaguo namba 3 na 20 pamoja na mshambuliaji kijana Josh Kennedy, ikimtoa Judd na chaguo namba 46. Judd alishinda medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, mwaka 2010 akiwa Carlton. Kennedy akawa mfungaji bora wa muda wote wa West Coast na bingwa wa 2018. Kumbuka kwamba ridhaa ya Kennedy nayo ilihitajika, ingawa hakuwa yeye aliyeomba kuhama. Kila jina unalolichomeka katika ofa ni mtu mwingine wa kumshawishi.

Hatua ya tatu: Hesabu nafasi na mishahara

Ligi huweka ukomo wa jumla ya mishahara kwa kila klabu, ambao miaka hii umevuka dola milioni 15 za Australia kwa mwaka, na pia huilazimu kila klabu kutumia sehemu kubwa ya kiwango hicho. Kwa hiyo kuna klabu zinazotafuta mtu wa kumlipa, na kuna zinazosaka namna ya kupumua. Jua wewe ni ipi, na jua mwenzako ni ipi.

Klabu iliyobanwa na mishahara ndiye muuzaji dhaifu kuliko wote. Mwaka 2020 Collingwood ilijikuta katika hali hiyo ikawaachia wachezaji kadhaa kwa mpigo, mmoja wao Adam Treloar, kiungo mwenye mkataba wa miaka mingi iliyosalia, aliyekwenda Western Bulldogs huku Collingwood ikiendelea kulipa sehemu ya mshahara wake. Miaka miwili baadaye ilimtoa Brodie Grundy kwenda Melbourne kwa chaguo namba 27, nako ikabeba sehemu ya mshahara. Kubeba mshahara ndiyo njia pekee ambayo fedha huingia mezani katika soko hili, na ina kanuni yake isiyoandikwa: kadiri unavyobeba mzigo mkubwa, ndivyo una haki ya kudai chaguo bora. Ukibeba mzigo na bado ukapokea kidogo, ujue umeshaonyesha haraka yako.

Hatua ya nne: Geuza machaguo kuwa pointi, kisha zitilie shaka

Mwaka 2015 ligi ilianzisha jedwali la pointi kwa kila chaguo la drafti. Katika jedwali hilo la mwanzo chaguo namba 1 lilikuwa na pointi 3000, namba 2 pointi 2517, namba 6 pointi 1751, namba 19 pointi 948, na thamani ikaendelea kushuka. Jedwali limerekebishwa baadaye, hivyo tumia la mwaka wako. Mifano hapa inafuata lile la mwanzo kwa sababu ndilo lililotumika wakati huo.

Chukua usajili wa Lachie Neale mwaka 2018. Brisbane iliipa Fremantle machaguo namba 6, 19 na 55, ikampokea Neale na chaguo namba 30. Jumlisha 1751, 948 na 207, utoe 629, unapata 2277, yaani zaidi kidogo ya chaguo namba 3 lililokuwa na pointi 2234. Brisbane ilikubali kwamba Neale ana thamani ya mmoja wa vijana watatu bora nchini. Alishinda Brownlow mwaka 2020 na tena 2023, kwa hiyo hakuna anayelalamika.

Hesabu hiyo husaidia kupima ofa, lakini jedwali halikuundwa kwa ajili ya biashara. Liliundwa kwa ajili ya vijana wenye uhusiano na klabu: mtoto wa mchezaji wa zamani aliyeichezea klabu mechi 100 au zaidi, au kijana aliyelelewa katika akademia yake. Klabu nyingine ikimtaja kijana huyo katika drafti, klabu yake inaweza kumchukua kwa kulipa pointi zinazolingana na chaguo hilo, ikipewa punguzo, na pointi hizo hukatwa kwenye machaguo yake yanayofuata. Hapo ndipo fursa ilipo. Klabu inayosubiri kijana wa namna hiyo haina faida ya kushika chaguo zuri la juu, kwa kuwa litamezwa na malipo. Inataka machaguo mengi ya katikati.

Rudi kwa Treloar. Bulldogs walimpata Treloar pamoja na machaguo namba 26, 33 na 42, wakatoa chaguo namba 14 na la raundi ya pili la mwaka uliofuata. Kwa pointi, namba 14 ni 1161, na yale matatu jumla yake ni 1687. Asiyejua mazingira angesema Collingwood walirogwa. Ukweli ni kwamba Bulldogs walikuwa wakimsubiri Jamarra Ugle-Hagan, kijana wa akademia yao aliyetarajiwa kutajwa namba 1, ambaye baada ya punguzo la asilimia 20 angegharimu pointi 2400. Kwao namba 14 lilikuwa karatasi ya kulipia deni. Kwa Collingwood lilikuwa nafasi ya kumchagua kijana halisi wa raundi ya kwanza. Kabla ya Oktoba, andika orodha ya kila klabu inayosubiri mtoto wa mchezaji wa zamani au kijana wa akademia mwaka huo, kwa sababu ndiko utakakopata chaguo la juu kwa bei nafuu.

Hatua ya tano: Kuwa mwangalifu na machaguo ya mwaka ujao

Tangu mwaka 2015 klabu zinaruhusiwa kubadilishana machaguo ya mwaka unaofuata, na kanuni zimeendelea kulegezwa. Kuna vizuizi vilivyowekwa ili klabu isile mbegu zake zote, likiwamo sharti la kutumia angalau machaguo mawili ya raundi ya kwanza ndani ya kila miaka minne.

Chaguo la mwaka ujao ni mbuzi kwenye gunia kwa pande zote mbili, kwa kuwa namba yake itajulikana baada ya msimu kuchezwa. Katika usiku wa drafti ya 2020 Collingwood iliipa GWS chaguo lake la kwanza la 2021 ili kupata namba 24 na 30. Ikamaliza msimu wa 2021 nafasi ya 17, na chaguo lile likawa namba 2. Aibu ilikuwa kubwa, ingawa wakosoaji husahau upande mmoja: mwaka huo Collingwood ilikuwa ikimsubiri Nick Daicos, mtoto wa mchezaji wake wa zamani, na chaguo lile lingemezwa na malipo yake. Kosa lao lilikuwa kuliuza kwa bei ya klabu ya katikati ya msimamo. Unapopokea chaguo la mwaka ujao, lichukue kutoka klabu unayoamini itashuka. Unapotoa, jiulize kwa uaminifu kama kikosi chako ni kizuri kama kocha anavyosema.

Hatua ya sita: Toa ofa, na umkaribishe wa tatu mkikwama

Ofa ya kwanza iwe ya chini lakini isiwe ya dharau, kwa sababu klabu ni 18 tu na mtu unayemkera leo utamhitaji mwakani. Iandike ikiwa na sababu zake: pointi, umri, idadi ya mechi alizokosa kwa majeraha, na mfano wa mchezaji wa aina yake aliyehama karibuni. Sema wazi kipi hakijadiliwi. Kisha kaa kimya. Siku za mwanzo za soko huwa za maneno kwa waandishi wa habari, na bei nyingi hazisogei hadi saa arobaini na nane za mwisho.

Mkikwama, mara nyingi tatizo huwa kwamba ulicho nacho sicho anachokitaka mwenzako. Tafuta klabu ya tatu ya kukigeuza. Mfano mkubwa ni wa mwaka 2022, pale Jason Horne-Francis, aliyechaguliwa namba 1 na North Melbourne mwaka mmoja tu nyuma, alipotaka kurudi Australia Kusini. Port Adelaide peke yake haikuwa na cha kuiridhisha North. Zikaingia klabu nne: Port ikampata Horne-Francis na Junior Rioli wa West Coast, GWS ikapata chaguo namba 1, North ikapata namba 2 na 3, West Coast ikapata namba 8 na 12, na machaguo madogo yakapita huku na huku. Katika mpango wa namna hiyo klabu moja ikijitoa zote huanguka, kwa hiyo mteue mtu mmoja wa kuandika matoleo yote na kuyasambaza.

Si kila biashara nzuri ina kelele. Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, alitoka Sydney kwenda Port Adelaide mwaka 2020 kwa chaguo la raundi ya pili la mwaka uliofuata, na msimu wake wa kwanza huko akaingia katika kikosi bora cha ligi. Port waliona beki ambaye klabu yake haikuwa na nafasi ya kudumu kwake, wakalipa bei ya mchezaji wa akiba.

Hatua ya saba: Vipimo, nyaraka na saa ya mwisho

Mpeleke mchezaji kwa madaktari wako mapema, na uombe kumbukumbu za majeraha kutoka klabu yake kabla ya kukubaliana bei. Kinachoonekana kwenye goti kinaweza kushusha raundi nzima ya drafti.

Usiandike makubaliano ya pembeni. Adelaide ilipomwongezea Kurt Tippett mkataba mwaka 2009 ilimwahidi kwa siri kwamba akitaka kuondoka ataachiwa kwenda klabu aitakayo kwa chaguo la raundi ya pili, pamoja na malipo ya nje ya ukomo wa mishahara. Siri ilifichuka mwaka 2012. Adelaide ilitozwa faini ya dola 300,000 na kupoteza machaguo ya drafti, viongozi wake wakafungiwa, na Tippett akafungiwa mechi 11 na kutozwa dola 50,000.

Fomu za mabadilishano huhitaji sahihi za klabu zinazohusika na ya mchezaji, kisha huwasilishwa kwa ligi ili ziidhinishwe. Miaka ya karibuni soko limekuwa likifungwa saa 1:30 usiku kwa saa za Melbourne, ambayo kwa Dar es Salaam na Nairobi ni saa 5:30 asubuhi mwezi Oktoba. Makubaliano ya Treloar yalikamilishwa dakika za mwisho kabisa, yakathibitishwa muda ulipokuwa umeshapita. Andaa fomu mbili asubuhi ya siku hiyo, moja ya ofa yako na moja ya kiwango cha juu kabisa ambacho uongozi umekiidhinisha, zote zikiwa na sahihi ya mchezaji, na ile ya pili uifungie kwenye droo.